Chupa ya Maji Niliyoipeleka Kiringye

Maandishi yangu yalikuwa kurasa tatu zilizopigwa taipu bila kosa hata moja, nami niliyapeleka redioni mwenyewe, nikiwa nimevaa koti. Yalihusu uvumi. Nilikuwa nimeonyesha, kwa hoja zinazofuatana, kwamba habari isiyokuwa na shahidi aliyeona kwa macho yake ni takataka, na kwamba jamii inayoishi kwa neno "wanasema" isilalamike inapopata hasara. Nilitaka yasomwe hewani Jumapili, mara baada ya matangazo ya vifo, saa ambayo Uvira nzima na vijiji vya bonde la Ruzizi hukaa kimya kusikiliza.

Mtangazaji aliyenipokea alikuwa mwanamke wa miaka arobaini hivi, mwenye sauti ninayoijua kama ninavyoijua kengele ya shule, lakini uso wake sikuwa nimeuona kamwe. Alisoma ukurasa wa kwanza, akasoma wa pili, wa tatu akaugeuza bila kuusoma.

"Papa, hii iko muzuri," akasema, akinirudishia kurasa. "Lakini hakuna muntu ndani."

Niliongoza shule ya sekondari miaka kumi na tisa, nikiwa prefe, kama tunavyowaita wakuu wa shule huku kwetu, na kabla ya hapo nilifundisha historia. Hakuna aliyewahi kunirudishia kurasa zangu.

"Hoja haihitaji mtu," nikamjibu.

"Na huyu unayemutetea bila kumutaja, iko wapi?"

Sikuwa nimemtaja, hiyo ni kweli, lakini alikuwa amemwona kati ya mistari. Basi nikamweleza, hali nimesimama, maana kiti alichonipa nilikuwa nimekikataa.

Dada yangu mkubwa, ambaye mimi humwita yaya kama desturi yetu inavyotaka, aliolewa Kiringye akitokea kwetu Katogota. Ni mjane wa siku nyingi. Anaishi kwa kutengeneza kasiksi, pombe ya ndizi, na kuwauzia uani kwake wakulima wanaporudi mashambani. Msimu wa mvua uliopita jirani yake mmoja alikunywa kwake kikombe kimoja, na baada ya juma moja akafa. Kabla udongo haujakauka juu ya kaburi, neno karuho lilikuwa limekwisha kutamkwa. Karuho ni sumu ambayo watu wa kwetu wanaamini kwamba hufichwa chini ya ukucha na kudondoshwa kikombeni wakati wa kumkabidhi mnywaji. Ndiyo sababu katika bonde lote anayekupa kinywaji hukionja yeye kwanza, mbele ya macho yako. Asipoonja, hunywi, wala hakuna atakayekuona huna adabu. Dada yangu alikuwa ameonja. Wakasema alionja kabla ya ukucha kupita.

Wateja wakaisha. Kisha kapita, yaani mkuu wa kijiji, akatangaza kwamba mihogo ikishavunwa baraza litakaa kuamua kama mama huyo ataendelea kuishi Kiringye au atarudishwa kwao. Ana miaka sabini na minne. Kwao ni wapi? Kiwanja cha baba yetu huko Katogota kimekwisha kuwa shamba la mtu mwingine.

Mtangazaji alinisikiliza hadi mwisho. Akasema kurasa zangu hatazisoma, hata mstari mmoja. Ila kama ninataka, atanifundisha kuuliza, kisha tutakwenda Kiringye pamoja, mimi niulize, yeye arekodi.

"Mama, nimewauliza watu maswali tangu hujazaliwa."

"Mitihani, papa. Mutihani iko swali yenye jibu mufukoni mwa mwalimu."

Nilitoka bila kuaga. Hasira hiyohiyo ndiyo iliyonirudisha kesho yake.

Alinipeleka ufukweni, mahali wanawake wanapoanika ndagala, dagaa wa ziwa letu, akanipa kile chombo cha kurekodia, kidogo kuliko sanduku la miwani yangu, akaniambia nimuulize yeyote nitakayemchagua. Nilimchagua mama mmoja aliyeonekana mwenye akili. Nikamsogezea chombo mdomoni, nikamuuliza kama anakubaliana nami kwamba kazi ya kuanika samaki ni ngumu na haithaminiwi ipasavyo.

"Ndiyo," akasema mama yule.

Nikasubiri. Hakuongeza kitu. Wenzake wakaanza kucheka. "Papa amemaliza kazi ya siku moja kwa neno moja!" akasema mmoja wao.

Mtangazaji alikwisha kuchuchumaa. Alikuwa akigeuza samaki pamoja nao, chombo amekiweka juu ya goti lake kana kwamba amekisahau. Alipokwisha kugeuza safu nzima akauliza, bila kumtazama mtu: "Mama, ukifumba macho, mukono yako inajuaje samaki ya jana na ya leo?" Mama yule alifumba macho kweli. Akaanza kueleza juu ya mgongo wa ndagala unaokwaruza na tumbo linalonata, juu ya mchanga unaochoma asubuhi na ule unaochoma alasiri, juu ya mama yake aliyempiga kofi kwa kuanua mapema, na hakunyamaza mpaka jua likahama kwenye mikeka.

Nilisema kwamba huo ulikuwa ujanja. Yeye akauita ubunifu, na neno hilo mimi nalichukia. Katika shule yangu mwanafunzi mbunifu alikuwa yule anayeandika habari za vita ambavyo havikupiganwa.

"Ubuni swali, papa," akanijibu. "Jibu usiguse hata na kidole."

Nilibishana naye majuma matatu. Sikuwa mwanafunzi mwepesi, wala sikutaka kuwa. Alinizuia kuuliza maoni ya watu, akisema kila mtu ana maoni aliyoyaazima. Niulize walichofanya, walichoshika, mahali waliposimama. Aliniambia swali ambalo wote wamekwisha kuliuliza nisilibebe, kwa sababu jibu lake limekwisha kukauka. Zaidi ya yote alinikataza kuziba kimya. Mtu akinyamaza, nami ninyamaze, hata ikiwa ni aibu. Hilo lilikuwa gumu kuliko yote, kwa sababu mwalimu darasani huona kimya kama kushindwa kwake mwenyewe.

Kwa jambo moja tu nilimshinda. Yeye alitaka tuanze na machozi ya dada yangu. Mimi nikasema hapana. Dada yangu ameshtakiwa, na kazi ya kwanza ni kumtafuta mshtaki. Tutachukua uvumi kama kamba, tutaufuata mkono kwa mkono, kila mtu ataje alikoupokea, hadi tumfikie aliyeona. Nilikuwa na hakika kwamba mwisho wa kamba hatutakuta mtu. Akafikiri, akakubali. "Hiyo njo ubunifu, ndiyo yenyewe," akasema, nami nikamkataza kulirudia neno hilo mbele yangu.

Tulikwenda Kiringye kwa pikipiki mbili. Kando ya barabara kuna fundi wa baiskeli aliyekuwa akinywa kwa dada yangu kila jioni kwa miaka. Nilianza vibaya. "Nani alikuambia kwamba mama yule ana sumu?" Fundi akaangalia spoku zake, akasema yeye hajui kitu, yeye iko kwa kazi. Nilikumbuka mafundisho, nikaona haya, nikachutama kando yake. Nikamuuliza: "Siku ya kwanza uliyopita mbele ya nyumba yake bila kuingia, ulikuwa na kiu?"

Alicheka hadi akaiacha bisibisi.

"Mzee, kiu ilikuwa ya kuua muntu! Nilipita mbio kama muwizi."

"Ni nani aliyekuambia upite mbio?"

"Hakuna aliyeniambia. Nilimuona kapita ametoka pale, kikombe yake ameiacha imejaa. Kapita kuacha kasiksi? Nikajua iko kitu."

Basi mkono wa kwanza ulikuwa umetupa wa pili, upesi kuliko nilivyotarajia. Tukaenda kwa kapita. Alitupokea nje ya nyumba yake, akatoa viti, akaamuru watoto waondoke. Ni mtu mwenye heshima, mnene, mpole katika kusema. Nilimuuliza juu ya siku aliyokiacha kikombe kimejaa: alikiweka wapi?

"Chini, karibu na muguu ya kiti," akajibu. Kisha akanitazama mimi, si chombo. "Prefe, uko na hakika unataka niendelee?"

"Sema ulichokiona. Ulichokisikia sikihitaji."

"Njo hicho. Minye sikusikia kitu. Watu walisema karuho, karuho, nikawaambia nyamazeni, huyu mama ametunywesha sisi wote tangu ujana. Halafu ilikuwa siku ya kilio ya marehemu, sisi tumekaa kwa yaya yako. Ulikuja toka Uvira. Yaya yako akakuletea kikombe, akaonja mbele yetu. Weye ukafungua mukoba, ukatoa chupa ya maji ya duka. Minye nilikuwa na kikombe mukononi. Nikasema kwa roho: kama muntu msomi, tena wa tumbo moja naye, iko anaogopa, minye ni nani? Nikaweka chini."

Mkono wa pili ulikuwa umenipa wa tatu, nao ulikuwa wangu.

Nilitaka kusema. Nilikuwa na jibu lililokwisha tumika: siku ile ya kilio niliwaambia waombolezaji kwamba nina ugonjwa wa sukari, na kwamba daktari amenikataza vyote vitokanavyo na ndizi. Nilifungua kinywa kulirudia. Mtangazaji, ambaye hadi hapo hakuwa amesema neno, akaniuliza kwa sauti ya chini:

"Papa, wakati ulikuwa unafungua kizibo ya ile chupa, yaya yako alikuwa anaangalia wapi?"

Kisha akanyamaza. Kapita naye akanyamaza. Hapakuwa na mwalimu wa kukiziba kimya kile, maana mwalimu nilikuwa mimi.

Nikasema: "Alikuwa akiangalia mikono yangu." Nikasema tena, baada ya muda nisioujua: "Kisha akakinywa kile kikombe yeye mwenyewe, chote, akiwa amesimama, akaenda jikoni." Na kwa kuwa chombo kilikuwa bado kinarekodi na mimi si mtu wa kuacha ushahidi nusu, nikamalizia: "Sina ugonjwa wa sukari. Asubuhi ile mtaani Nyamianda, huko Uvira, niliwasikia watu wawili wakizungumza habari za kifo kile. Sikuwajua, sikuwauliza kitu. Nikapita dukani nikanunua maji."

Tulipofika barabarani mtangazaji akasema kwamba kipande kile ni changu, na kwamba nikitaka atakiondoa; kamba inaweza kuishia kwa kapita, na hakuna atakayejua. Nilimwambia kwamba akikiondoa nitakwenda na habari yangu kwenye redio nyingine, na kwamba simpi ruhusa ya kulainisha hata neno moja. Yeye ndiye aliyenikataza kuligusa jibu kwa kidole. Au sheria hiyo ni kwa majibu ya wanyonge tu?

Karibu na nyumba yangu kuna duka la vitenge la mfanyabiashara Mwislamu, ambaye mababu zake waliletwa huku na biashara ya ziwa, na alasiri sisi wastaafu hukaa kwenye benchi lake. Niliwaeleza kabla hawajasikia kwingine. Mmoja, aliyekuwa ofisa wa forodha, akapiga kofi paja lake.

"Prefe muzima! Weye njo utajivua suruali kwa redio?"

"Nitaivua mwenyewe, kwa utaratibu, kabla hamjanivua ninyi."

"Watu watasema ulimuogopa dada yako!"

"Hawatasema. Nitakuwa nimekwisha kusema mimi, na jina la mshtaki litajulikana."

"Na wajukuu wako shuleni? Watachekwa."

"Wachekwe. Mwaka mzima dada yangu amekaa uani peke yake, hakuna aliyemwonea huruma kwa hilo."

Mwenye duka, aliyekuwa akikunja kitenge, akasema bila kuinua kichwa: "Mwacheni mwalimu. Mtu akitaka kujichapa, usimpokonye fimbo. Tena huyu atachapa vizuri, alikuwa prefe."

Wakacheka wote. Mimi sikucheka, lakini niliondoka nikiwa na nguvu.

Emisio, yaani kipindi chetu, ilitoka Jumapili, baada ya matangazo ya vifo. Nilijisikia nikiongea kama mtu mzee, jambo ambalo sikuwa nimelijua. Mtangazaji alitimiza ahadi: hakukata hata ule muda mrefu wa kunyamaza, ambamo ndani yake jogoo wa kapita aliwika mara mbili. Nikasubiri simu ya dada yangu. Haikuja. Jioni nikapiga mimi.

"Nimesikia," akasema.

"Yaya, nataka ujue…"

"Nimesikia, nimekuambia. Uje kwa baraza. Na ulete ile kamashini ya kukamata sauti, na ule mama mwenye nayo."

Baraza lilikaa katika uwanja wa shule ya msingi, mihogo ikiwa imekwisha kuvunwa. Watu walikuwa wengi kuliko wakazi wa Kiringye. Dada yangu alikaa mbele, juu ya ndoo iliyofunikwa, kitambaa kipya kichwani. Kapita alipofungua mazungumzo nilisimama nikarudia yote, bila karatasi.

"Ndugu atamutetea ndugu!" akapaza sauti mtu wa nyuma.

"Ndugu ndiye aliyemshtaki," nikamjibu. "Mnatafuta shahidi aliyeogopa mbele ya macho yenu, ndiye huyu. Aliogopa kwa sababu ya watu wawili asiowajua. Hana kingine. Mfukuzeni yeye."

Manung'uniko yakapita uwanjani. Wengine walitikisa kichwa kukubali. Lakini mwanamume mmoja akauliza, kwa haki kabisa: "Sawa, prefe alikosa. Na marehemu je? Yeye alikufa na nini?" Hapo nikakwama. Nilikuwa nimeufuata uvumi hadi chini, nikadhani nimeumaliza, kumbe nilikuwa nimetafuta mwanzo wa maneno na kusahau mwanzo wa kifo. Majuma yote yale ya kubuni maswali, hilo hatukulibuni.

Dada yangu akanyoosha mkono. "Leteni ile kamashini."

Akakishika chombo kama anavyoshika yai, akainuka, akavuka uwanja polepole hadi alipokaa mjane wa marehemu. Watu walidhani atamtukana. Aliketi chini kwenye vumbi, kando ya miguu yake.

"Mama," akasema, "siku ile bwana yako alikuja kwangu, alikuwa anashika tumbo na mukono ya kushoto, hivi. Weye uliona anashika hivi siku gani mara ya kwanza?"

Mjane hakujibu. Nikavuta pumzi ili nimsaidie. Mtangazaji akanikanyaga mguu, waziwazi, mbele ya watu. Tukangoja. Mtoto alilia kisha akanyamazishwa. Kapita alianza kuinuka, akakaa tena.

"Mbele ya kupanda muchele," akasema mjane hatimaye. "Ilivimba, ikashuka, ikavimba. Munganga wa kituo ya afya alimukataza pombe yote. Minye njo nilimufungia pombe. Siku ile nilimufokea sana. Akatoka na hasira, akaja kwako, juu weye hukujua kama amekatazwa."

"Kwa nini hukusema mwaka muzima?" akafoka mtu.

Dada yangu aligeuka. "Muache. Minye sijamuuliza hiyo."

Lakini mjane aliendelea mwenyewe, akiangalia chini. "Niliogopa watasema minye njo nilimutuma kwenda kufa."

Hakukuwa na hotuba. Kapita alisimama, akavua kofia, akasema Kiringye ndiko kwao mama huyu na hakuna atakayemgusa, na kwamba aliyekuwa akinywa pale na arudi kunywa, asiyetaka akae na kiu yake. Wengi walikuja kumpa dada yangu mkono. Fundi wa baiskeli alikuwa wa kwanza. Wengine walipita mbali, na wapo hadi leo wanaosema kwamba redio ilimpaka mama yule mafuta. Najua majina yao, kwa sababu nimekwenda kwa kila mmoja nikamuuliza alichokiona, na hakuna aliyenijibu. Nitakwenda tena.

Jua lilikuwa bado juu. Waendesha pikipiki walituita, maana barabara ya Uvira haisubiri mtu, na mtangazaji alikwisha kupanda. Nikamwendea dada yangu kumwomba kile chombo ili tuondoke. Hakukitoa.

"Weye kaa," akasema. "Bado sijakuuliza."

"Yaya, pikipiki zinaondoka."

"Ziondoke."

Akarudi kwenye ndoo yake, akakiweka chombo chini kati yetu, taa yake ndogo nyekundu ikiwa bado inawaka. Nikavua koti, nikakaa.